Waliomvua Twaiba

Watu wa Msambweni wakikuhadithia habari za Twaiba binti Alfani, watakuanzia na lile gauni. Watakwambia lilikuwa rangi gani, lilimkaa vipi, mgongo ulikuwa wazi mpaka wapi. Wanaume ndio watakaokueleza vizuri zaidi, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia, kwa sababu siku aliyolivaa hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Hebu waulize wamelijulia wapi gauni la mtu aliyelivaa ndani, mbele ya wanawake wenzake, pazia limeteremshwa na mlango umekomewa.

Mimi ni Bi Zainabu, somo yake. Kwa asiyejua mambo yetu, somo ndiye anayekabidhiwa msichana akivunja ungo, amfundishe usafi na adabu na mambo ya unyumba, na siku ya kuolewa ndiye anayemkalisha na kumwosha. Mama mzazi ana haya, kuna mambo hawezi kumwambia bintiye. Somo hana haya. Kwa hivyo nikisema namjua Twaiba, sisemi kwa kusikia. Nimemwogesha, nimemsinga mwili kwa manukato, nimemkanya, na siku moja nilimfinya paja mpaka akalia, kwa sababu alichukua leso yangu mpya, hata sijaifua mara moja, akaikata akajishonea sketi.

Sketi yenyewe ilikuwa nzuri. Sikumwambia siku hiyo, lakini ilikuwa nzuri.

Kwao ni Waa. Babake, Alfani, alikuwa mkulima wa mihogo na minazi michache, na nguo za watoto wake zilitoka katika marundo ya mitumba. Basi Twaiba akifika nazo nyumbani hazivai. Atazifumua zote, mkono wa hili atautia katika lile, shati la mzee wa Kizungu litageuka gauni la Idi, na wasichana wa mtaa mzima watakuja kusimama mlangoni kuuliza, wewe, umelinunua wapi. Alipenda nguo tangu hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Na alipenda kujisitiri vilevile. Watu wanadhani mambo mawili haya hayakai katika kifua kimoja. Yanakaa. Mimi nimeyaona yakikaa.

Alipomaliza shule akapata kazi hoteli moja huko Galu, mapokezi. Alishangilia, masikini. Akapewa sare, shati na sketi ya buluu iliyoishia magotini. Akaenda nayo kwa fundi, akanunua kitambaa cha rangi ileile, akaiongeza mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kilichobaki akafanya mtandio wenye ukingo mweupe kama wa shati. Ukimwona utasema hoteli yenyewe ndiyo iliyobuni. Wafanyakazi wenzake Waislamu wakataka na wao washonewe. Msimamizi wao, mama mmoja wa bara, akamwita ofisini.

"Imetokea poa, siwezi kudanganya," akamwambia. "Lakini hiyo kitambaa ya kichwa utoe ukiwa kazini. Wageni wamekuja likizo, hawajakuja matanga."

Twaiba akamuuliza, "Madam, nikiutoa, kazi yangu itakuwa bora?"

"Itakuwa kazi. Usipoutoa hakuna kazi."

Akavua beji, akaiweka juu ya meza, akarudi Waa. Nilimpongeza siku ile, nikampikia biriani. Nilikuwa sijui kwamba mbele wanamngoja watu wengine wa kumpangia mwili wake, na kwamba hao watakuwa wamevaa kofia na kanzu.

Akaolewa na Nassir, dereva wa lori la mchanga, kijana mtulivu asiye na maneno, wakaja kukaa Msambweni. Akaweka cherehani barazani. Hapo ndipo alipostawi. Alikuwa akishona abaya ambayo ukiitazama mara moja utasema ni ya kawaida, ukiitazama tena unaona haiko kawaida hata kidogo. Pana, ndefu, haionyeshi umbo, masharti yote yametimia. Lakini rangi yake ni ya bilingani, au ya majani makavu, na kwenye kingo za mikono ametia tarizi nyembamba kwa mkono wake, na ukitembea inakufuata vizuri. Wanawake walikuwa wakija kutoka Ukunda na Diani kushonewa na yeye.

Na jioni, baada ya alasiri, alikuwa akifundisha wasichana madrasa. Hilo ndilo alilolipenda kuliko cherehani. Alilikuta darasa lile limebaki na watoto wachache wanaosinzia, wakubwa wote wamekimbia kwa sababu walichoka kupigwa viboko na kuambiwa kila siku kwamba wao ni fitina. Twaiba hakuwaambia hivyo. Aliwasomesha, na baada ya kusoma akawafundisha kufunga mtandio usioporomoka mtu akirukuu. Wakaanza kurudi. Wakaleta na wenzao. Wakawa wanashindana nani kahifadhi zaidi na nani kajifunga vizuri zaidi, na darasa likajaa mpaka wengine wanakaa nje kwenye mkeka. Siku alipokuwa na homa na asiende, walikuja kumtazama nyumbani kundi zima, na mimi nikawafukuza kwa sababu walimmalizia hewa.

Sasa njoo kwa mwenyekiti wa kamati ya madrasa. Anaitwa Alamin. Ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, ana gari jeupe, ana sauti ya kusikika. Tangu mwanzo hakumpenda Twaiba, na sababu yake ilikuwa rangi.

"Mwalimu," akamwambia siku moja, nami nipo, "hayo mavazi yako yana mvuto."

"Mvuto gani, mwenyekiti?"

"Rangi. Vaa nyeusi kama wenzako."

Twaiba akamjibu kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukimkera yule bwana. "Bibi yangu wa Waa alikuwa akivaa leso nyekundu za maua, moja kifuani, moja kichwani. Amekwenda nazo shamba, amekwenda nazo maulidini, na amekufa hakuna aliyemwambia hana stara."

"Zama zile watu walikuwa hawajui dini."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, wewe Alamin, shikamoo ulizokuwa ukiwapa bibi zetu ulikuwa ukiwapa makafiri? Akanitazama, akaondoka. Ati watu walikuwa hawajui dini. Waliomfundisha yeye kusoma alifu ndio hao hao.

Mkewe, Ummi, alikuwa akimwunga mkono. Kwenye vikao vya akina mama alikuwa akisema kwa sauti kwamba mishono ya Twaiba ni mishono ya kidunia, yeye hawezi kuitia mwilini. Lakini mimi nina macho. Nilimwona zaidi ya mara moja akimpita mwenye abaya ya Twaiba, akajifanya kumwondolea uzi, akakishika kitambaa na kukipapasa. Ana binti wawili, Hanifa na mdogo wake, na wote walikuwa wakisoma kwa Twaiba, wakikaa safu ya mbele. Watoto wenye akili. Twaiba aliwapenda sana.

Basi ikaja harusi ya Esha, binti wa mama mdogo wake Twaiba, huko Majoreni. Wewe unajua kupamba kwetu kulivyo. Ni siku ya wanawake watupu. Bibi harusi anapambwa na kukalishwa atazamwe, na kila mwanamke anakuja na buibui lake mpaka mlangoni, akishaingia analivua, na huko ndani ndiko utakapoona yaliyofichwa mwaka mzima. Mikufu, nywele, migongo, kila mtu na mshono wake. Hiyo ndiyo siku yetu. Mwanamke anayejisitiri mwaka mzima anajiachia pale kwa sababu anajua yuko kwenye amana. Na ili amana isivunjwe, simu hazipiti. Mlangoni husimama mtu na kapu, kila anayeingia anatia simu yake humo, na anayekataa anarudi kwao.

Twaiba alikuwa amelishona gauni lake kwa miezi. Hariri ya rangi ya damu ya mzee, mikono ya lesi, mgongo wazi mpaka kiunoni, na nyuma linaburura kidogo. Nassir mwenyewe ndiye aliyemfunga kifungo cha shingoni kabla hajatoka nyumbani. Juu yake akavaa abaya na mtandio, akafika hivyo, akavua ndani. Na walipopiga ngoma akacheza, akacheza vizuri, na sisi tukampigia vigelegele. Nilimtazama nikajisifu kimoyomoyo. Nikasema, huyu nimemlea mimi.

Haikupita juma. Nilikuwa kwa muuza samaki, nachagua samaki aina ya changu, yule bwana akaniambia huku anatabasamu, "Bi Zainabu, kumbe mwari wako anajua kucheza hivi."

Nikamuuliza, mwari wangu yupi. Akanyoosha simu. Nikamwona Twaiba, na mgongo wake, na uso wake, anageuka na kucheka, katika kiganja cha muuza samaki. Nilimwachia samaki wake palepale nikaenda zangu, na tangu siku hiyo sijanunua kitu kwake.

Nilimkuta Twaiba kwenye cherehani. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kuna kitu kinazunguka, lakini hajakiona.

"Somo, mgongo unaonekana?"

"Unaonekana."

"Na uso?"

"Na uso."

Akaondoa mguu kwenye cherehani, akaifunika, akaingia ndani. Akajifungia chumbani na mimi nikakaa barazani nikimsikia akilia, na sikuwa na la kumfanyia. Nassir aliporudi aliuliza neno moja tu, nani. Akaenda msikitini kusali magharibi, akarudi akaniambia, "Waliomtazama mke wangu ndio wanaonipa pole, somo."

Ijumaa, baada ya swala, Alamin akasimama akazungumza. Hakumtaja jina, lakini nani hakujua? Akasema mwalimu wa watoto wetu amejianika. Na akajiapiza mbele ya watu kwamba aliyechukua picha zile naye ni shetani, na kama ni mke wa mtu basi mumewe hana budi kumwacha, kwa maana mwanamke kama huyo hafai kukaa katika nyumba ya Mwislamu. Watu wakaitikia.

Mimi sikungoja kamati. Kwenye ile video kulikuwa na maandishi ya fundi mmoja wa Ukunda, *mishono mipya ya harusi, karibuni nyote*. Nikamchukua Twaiba tukaenda. Fundi mwenyewe anaitwa Kalama, Mgiriama, kijana mwenye adabu zake, amekaa katikati ya vitambaa. Nilimwingilia kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Akamtazama Twaiba, akamtambua, akasimama. "Mama, mimi nilidhani ni tangazo tu. Wateja wangu wote huniletea video ya mshono wanaoutaka. Nikaona huu mzuri, nikauweka kwa status. Sikujua ni wa ndani. Kwetu harusi watu wote hucheza pamoja."

"Nani aliyekuletea?" nikamuuliza.

"Yule mama wa Msambweni mwenye gari jeupe. Mke wa mwenyekiti wa madrasa. Alitaka afanyiwe kama hilo hilo, ila mgongo ufungwe kidogo. Hata nimeshalikata, hili hapa."

Akalifunua. Hariri, rangi ya damu ya mzee. Lilikuwa limekatwa upana wa Ummi, na Twaiba alilijua umbo hilo hata bila kupima.

Sasa nikaelewa. Kapu la simu lilishikwa na shangazi wa bibi harusi, na shangazi wa bibi harusi hawezi kumwambia mke wa mwenyekiti afungue mkoba. Kwa hivyo Ummi aliingia na simu yake. Alikuwa hana nia ya kumwaibisha mtu, hilo nalikubali. Alilitaka gauni. Alilitaka kwa roho yake yote, na kwa vile alishajitapa kwamba mishono ya Twaiba ni ya kidunia, akaona haya kwenda kwa mwenye mkono, akaona bora amwibie. Laiti angekuja tu akasema, mwenzangu, nami nishonee.

Kalama alilifuta tangazo lake mbele yetu, akaomba radhi mpaka akatutia huruma. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Tukiwa njiani Twaiba akaniambia, "Somo, jambo hili lisitoke."

"Lisitoke? Una wazimu wewe?"

"Alamin ameapa mbele ya watu. Unamjua. Hawezi kurudi nyuma, atamwacha."

"Na amwache. Nani alimtuma?"

"Na Hanifa? Na mdogo wake? Wataitwa watoto wa yule aliyeachwa kwa kupiga picha. Watakuja kukaa darasani kwangu vipi?"

Nilimwambia, darasani kwako? Hutakuwa na darasa ukinyamaza, mpumbavu wewe. Ndiyo, nilimwita mpumbavu. Nikanuna njia nzima. Lakini alinishika mkono akaniapisha, na mimi kiapo cha mwari wangu sikuweza kukivunja siku zile.

Kamati ikamwita siku iliyofuata, alasiri, palepale madrasa. Wanaume wakakaa mbele kwenye viti. Wanawake tukawekwa nyuma ya pazia. Ummi alikuwa kando yangu, bega kwa bega, kajifunika uso. Twaiba alisimama mlangoni katikati yetu na wao, na abaya yake ya bilingani. Hakuibadilisha. Nilimwambia avae nyeusi siku ile, nisimfiche mtu, nilimwambia avae nyeusi yaishe. Akakataa.

Alamin akasema mengi. Kwamba mwalimu ni kioo. Kwamba wazazi wamelalamika. Maalim Abdurahman, mzee wetu wa msikiti, akamkata kauli. "Mimi sijaitazama video hiyo, nimeambiwa tu," akasema. "Lakini huyu binti alikuwa na wanawake wenzake. Kosa lake ni lipi?"

"Kosa ni kwamba imeonekana, Maalim."

"Basi aulizwe aliyeionyesha."

"Hayo ndiyo nakuja nayo," akasema Alamin. Akamgeukia Twaiba. "Tunasikia ulikwenda kwa fundi Ukunda. Unamjua aliyepiga picha hizo. Mtaje hapa, kamati itamshughulikia, na wewe utaomba msamaha mbele ya wazazi na darasa lako utarudishiwa. Usipomtaja, tutajua ulipigwa kwa ridhaa yako mwenyewe."

Basi mambo yote yakawa katika neno moja. Aseme Ummi, abaki na darasa lake. Nilihisi bega la Ummi limekauka dhidi ya langu. Nilimsikia anavyopumua. Nikangoja. Wallahi nilingoja aseme yeye. Hata kwa kunong'ona, hata kwa kulia, angesema tu ni mimi, na pazia lile lingemfichia uso. Hakusema.

Twaiba akasema, "Simtaji."

"Unamlinda nani?"

"Simtaji, mwenyekiti. Na msamaha siombi. Nilivaa pale panaporuhusiwa, mbele ya ninaoruhusiwa. Mume wangu alijua. Mungu wangu alijua. Nyinyi hamkuwapo."

Watu wakaguna. Alamin akasema, basi darasa umeliacha wewe mwenyewe, tusisikie tena maneno. Nilidhani Twaiba atageuka aondoke. Hakuondoka.

"Nina ombi," akasema. "Kabla sijatoka, kila mwenye video yangu katika simu yake aifute. Hapa hapa, nikiona."

Nikachungulia kando ya pazia. Mmoja akatia mkono katika mfuko wa kanzu. Mwingine akatia. Kando kulikuwa na mweka hazina wa kamati, mtu mzima mwenye wajukuu, naye akatoa yake huku anatazama chini. Wote walikuwa nayo. Ila Maalim Abdurahman, kila mmoja wa wale waliokaa kumhukumu kwa kuonekana alikuwa amemweka mfukoni mwake, amekuja naye madrasa. Hawa ndio wanaoogopa rangi ya bilingani. Hawa ndio walioamrishwa kuinamisha macho kabla mwanamke hajaambiwa ajifunike, na wanaijua amri hiyo kuliko mimi, wameifundisha miaka.

Alamin hakutoa simu. Akasema yeye anaihifadhi kwa ajili ya ushahidi.

"Ushahidi wa nini, na umeshahukumu?" Twaiba akamuuliza. Maalim akasimama, akavaa viatu vyake, akatoka, na mpaka leo hajarudi katika kamati ile.

Sasa sikiliza nani aliyepewa darasa. Kamati ilikaa, ikasema wasichana wafundishwe na mwanamke mwenye heshima zake, anayejulikana, aliyesoma. Wakampa Ummi. Na Ummi akalipokea. Nilipoambiwa nilikuwa natwanga, nikauacha mchi nikatoka nje nikatembea mpaka hasira zikapungua kidogo, na hazikupungua.

Siku chache baadaye nilikuwa barazani kwa Twaiba, yeye anapinda pindo la abaya ya mtu, Ummi akaja. Alikuja mchana kweupe lakini kwa njia ya nyuma. Akavua viatu, akaniamkia, shikamoo somo, nikamwitikia kwa shida kwa sababu salamu ni haki ya kila mtu. Akakaa kwenye mkeka. Akafungua uso. Alikuwa amekonda.

"Twaiba, nimekuja kukushukuru," akasema. "Umenisitiri. Nimelala siku zote hizi nikingoja jina langu litoke, na hukulitoa. Sitalisahau mpaka naingia kaburini."

Twaiba aliendelea kupinda. "Hanifa hajambo?"

"Hajambo. Wanakuulizia sana, yeye na mdogo wake. Hawataki kusoma na mimi." Akajaribu kucheka. "Hanifa aliniuliza, mama, mwalimu Twaiba amekosa nini hata akatolewa?"

"Ukamjibu nini?"

Ummi akaangalia kidole chake cha mguu. "Ningemjibu nini? Nikamwambia alivaa vibaya."

Sindano ikasimama. Mimi nimemjua Twaiba tangu hajawa mtu mzima. Nimemwona akifukuzwa kazi Galu, nimemwona akivuliwa nguo katika simu za wanaume, nimemwona akisimama mbele ya kamati. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alikata uzi kwa meno, akaweka abaya kando, akasimama, akaviokota viatu vya Ummi pale mlangoni na kumtilia mikononi.

"Toka nyumbani kwangu," akamwambia. "Jina lako nimelificha kwa ajili ya mtoto huyo. Darasa langu nimelipoteza kwa ajili ya mtoto huyo. Na wewe umekaa naye chumbani, hakuna kamati, hakuna mume, hakuna anayekusikia, ukashindwa kunisitiri hata pale."

Ummi akaanza kulia, akasema Twaiba nisamehe, nitamwambia nini mtoto.

"Mwambie kweli. Ukishamwambia, mtume yeye aje kunisalimu, nitajua umemwambia."

Akatoka viatu mkononi. Twaiba akarudi kukaa, akajaribu kutunga uzi katika sindano, ukakataa kuingia, nikamtungia mimi.

Hanifa hajaja.